Mzee asiyeweza kusema panapomuuma: namna ya kupima maumivu nyumbani

Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau akianza kupiga mayowe anapoogeshwa, au akimng'ata mjukuu anayemvisha, nyumba nzima humpa jina kwa haraka: amekuwa mkorofi, uzee umemzidi, kuna kitu kimemwingia. Kwa hapa Tanga hilo la mwisho halikawii. Simzuii mtu kumwita mwalimu aje asome dua. Ninachoomba ni kwamba kabla mwalimu hajafika, au hata akiwa anaendelea kusoma, mtu mmoja amkague bibi meno, tumbo, nyonga na kucha za miguu. Mara nyingi ukorofi ule ni maumivu yaliyokosa njia ya kusemwa.

Demensia, kama madaktari wanavyouita ugonjwa huu, huharibu kumbukumbu na lugha. Haimwondolei mtu uwezo wa kuumwa. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kiliporekebisha maana ya maumivu mwaka 2020 kiliandika wazi kwamba mtu kushindwa kujieleza si dalili kwamba haumwi. Na si nyumbani tu wanakosahaulika. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta wagonjwa waliovunjika nyonga wakiwa na demensia iliyokomaa walipewa takriban theluthi moja tu ya mofini, dawa kali ya maumivu, waliyopewa wenzao wenye akili timamu. Mfupa uliovunjika ni ule ule.

Mwongozo huu ni wa anayemlea mzee nyumbani: binti, mkwe, mjukuu, dada wa kazi. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayeanza na dawa huharibu ushahidi.

Hatua ya kwanza: andika kawaida yake

Nunua daftari la shule, uandike mzee wako yukoje siku ambazo hana shida. Analala saa ngapi na huamka mara ngapi usiku. Anakula nini, anatafunia upande gani. Huinuka mwenyewe au hushika ukuta. Huongea sana au ni mtu wa kimya. Mikono yake hufanya nini akiwa amekaa.

Hilo la mikono lisikupite. Bibi aliyesuka ukili maisha yake yote, vidole vyake huendelea kusuka hata kama majina ya wanawe yamemtoka. Akiacha ghafla, usikimbilie kusema na hilo nalo amesahau. Mtazame vifundo vya vidole na viganja. Babu aliyezoea kutoka barazani kila baada ya alasiri, akianza kubaki chumbani, pengine ni zile ngazi mbili za mlangoni zinazomshinda.

Kipimo kikubwa kwa mtu wa namna hii ni badiliko, na badiliko halionekani kama hakuna aliyeandika hali ya mwanzo. Kumbuka pia kwamba wapo wanaopiga kelele wakiumwa na wapo wanaonyamaza. Hawa wa pili ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu familia hufurahi: "Siku hizi bibi ametulia."

Hatua ya pili: muulize mwenyewe

Wengi huiruka hatua hii wakidhani mzee hana jibu. Lakini ambaye ugonjwa haujamchukua sana mara nyingi anaweza kusema panapouma, akiulizwa kwa namna inayomfaa.

Kwanza, usiulize ndani ya salamu. Mtu wa Pwani ukimwambia "Shikamoo bibi, umeamkaje?" atakujibu "Marahaba, sijambo, alhamdulillahi" hata kama mguu umevunjika. Jibu hilo limo kinywani tangu utotoni, na hubaki hata maneno mengine yakiondoka. Maliza salamu zote, keti, ndipo uanze swali.

Keti mbele yake, macho yenu yalingane, usisimame ukamwinamia. Mvishe miwani yake kama anayo. Zima redio. Kama sikio moja ni zito, hamia upande wa pili.

Uliza juu ya sasa hivi. "Jana usiku uliumwa?" ni mtihani wa kumbukumbu, atashindwa, nawe utaandika kwamba haumwi. Sema: "Bibi, goti hili linakuuma?" huku ukiligusa polepole. Swali moja, la ndiyo au hapana, kisha nyamaza. Jibu lake huchelewa, na vijana wengi huuliza swali la pili kabla la kwanza halijapokewa.

Badilisha maneno. Anayekataa kwamba ana maumivu anaweza kukubali kwamba panachoma, panavuta, panapwita, pamekaza, panawaka moto. Wengine husema tu "mwili hauna raha" au "nimechoka". Andika neno lake lile lile, usilisafishe. Kuchoma na kuwaka moto humwelekeza daktari kwenye mishipa ya fahamu, hasa kwa mwenye kisukari; kupwita kunaweza kumpeleka kwenye jino au jipu.

Halafu lugha. Mzee aliyeongea Kiswahili mjini miaka yote anaweza kurudi kwenye Kibondei, Kisambaa, Kidigo, Kizigua au Kisegeju alichoanza nacho kwa mama yake. Wajukuu husikia kama anaropoka. Mtafute shangazi aliyeko Muheza au Lushoto amsikilize, hata kwa simu iliyowekwa spika. Sisi tuliokulia Ngamiani wengi hatukufundishwa lugha za bibi zetu, na gharama yake huja kuonekana hapa.

Ukubwa wa maumivu usiuulizie kwa sifuri mpaka kumi. "Kidogo, wastani, au sana?" yatosha, na kwa wengine bora "kidogo au sana?" tu. Ukihisi anakubali kila kitu, mtupie swali la mtego kwa upole: "Na nywele zinakuuma?" Akijibu ndiyo, basi maneno yake ya leo usiyategemee sana, utegemee macho yako katika hatua zinazofuata.

Mambo ya choo, mkojo na sehemu za siri yaulizwe na mwanamke kwa bibi, na mwanamume kwa babu. Mzee anaweza kuwa amesahau mwaka gani huu, lakini haya hajaisahau, na mkwe hatamwambia kitu.

Hatua ya tatu: mkague kuanzia kichwani mpaka vidoleni

Wakati mzuri ni wa kuoga, mlango umefungwa, kanga iko juu yake na unafunua sehemu moja moja. Tafuta chanzo kabla ya kupima kiasi.

Anza na mdomo: fizi zilizovimba, jino lililooza, meno ya bandia yanayokwaruza. Mzee anayekataa muhogo na chapati lakini anapokea uji huenda hana tatizo la hamu ya kula hata kidogo. Angalia masikio. Angalia mgongo na mbavu kama kuna malengelenge ya upande mmoja, yaani mkanda wa jeshi. Huo hata ukishapona, maumivu yake yanaweza kubaki kwa miezi, kiasi kwamba kanga ikimgusa tu anaruka.

Tumbo ndilo linalodanganya watu wengi. Andika siku aliyopata choo mara ya mwisho. Tumbo lililojaa choo kigumu huuma, humkosesha usingizi, hata humchanganya akili. Na wakati mwingine kinyesi cha majimaji hupita pembeni ya kile kigumu kilichoziba. Familia ikidhani anaharisha, inampa dawa ya kufunga tumbo, mambo yanaharibika zaidi. Kwa babu mwenye tezi dume, papasa chini ya kitovu: kibofu kilichojaa kinahisika kama uvimbe mgumu, naye atahangaika bila kujua anahangaikia nini. Kama ana mpira wa mkojo, hakikisha haujajikunja wala kuvutwa. Maambukizi ya mkojo, yale ya UTI, nayo usiyasahau.

Vidonda vya kulala huanza kabla ngozi haijachubuka. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tumia mgongo wa mkono wako kwenye makalio, nyonga na visigino: palipo na joto kuliko pembeni, palipo pagumu au pamelainika kupita kiasi, au palipogeuka weusi wa kung'aa, hapo pameanza.

Maliza na miguu: kucha zilizoingia nyamani, kidonda cha kisukari, kidole gumba chenye joto na uvimbe ambacho huenda ni gauti, yaani jongo. Kisha uliza nyumba nzima, watoto wadogo wakiwemo, kama ameanguka. Watoto huona mambo ambayo wakubwa hawakuyaona, na dada wa kazi anaweza kunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Mhakikishie kwanza kwamba hatafokewa.

Ondoa pia yasiyo maumivu: njaa, kiu, pedi iliyolowa, nguo inayobana, joto la chumba kisicho na dirisha. Rekebisha, subiri kidogo, mtazame tena.

Hatua ya nne: mtazame akijongea

Mwenye baridi yabisi akiwa amekaa barazani unaweza kuapa kwamba hana neno. Mwinue. Mtazame anaposhuka kitandani, anapoingiza mkono kwenye shati, anapochuchumaa chooni, anapogeuzwa shuka likitandikwa. Kama anakataa kuoga kila siku, jiulize ni maji anayoyakataa au ni ule mkono unaomnyanyua kwapani.

Kwa nyumba za Kiislamu, swala ni kipimo kizuri kuliko vingi, maana mwili wa mzee huikumbuka hata akili inapopotea. Kwenye takbira, mikono inapanda hadi wapi? Ukiishia kifuani mmoja, tazama bega. Kwenye rukuu, kiuno. Kwenye sijda na kikao cha tahiyatu, magoti, vifundo na vidole vya miguu. Aliyekuwa akisujudu mwezi uliopita na leo anaishia rukuu kisha anakaa, amekwisha kukuambia. Usimkatize wala usimsahihishe rakaa, hata akiswali sita. Wewe kazi yako ni kutazama mwili. Kwa Mkristo, kupiga magoti na kusimama wakati wa nyimbo kutakuonyesha hayo hayo.

Mwaka 2002 chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, American Geriatrics Society, kilizigawa ishara za maumivu za watu hawa katika mafungu sita. Uso: kukunja kipaji, kufumba macho kwa nguvu, kuonekana na hofu. Sauti: kupiga kite, kuugulia, kulalama, kutukana ambako hakukuwa tabia yake, kuomba msaada bila kusema wa nini. Mwili: kukaza misuli, kushikilia sehemu moja, kuchechemea, kujitikisa, kutotulia. Watu: kukataa kuguswa, kumsukuma anayemhudumia, kujitenga. Mazoea: kula, kulala na kutembea kubadilika. Akili: kuchanganyikiwa zaidi ya kawaida yake, kulia ovyo. Mtu hahitaji kuwa na zote. Wapo wenye moja tu, na hiyo moja hujirudia kila anapojongezwa kwa namna fulani.

Hatua ya tano: toa alama

Kwa mzee asiyeweza tena kujibu, tumia kipimo cha PAINAD kilichotolewa Marekani mwaka 2003. Nakipenda kwa sababu kinaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari na hata mjukuu wa sekondari anakiweza. Mtazame kwa dakika 5, kisha toa alama 0, 1 au 2 katika kila jambo:

- Pumzi: 0 anapumua kawaida, 1 anahema kwa taabu mara moja moja, 2 anahema kwa sauti na kwa taabu, au anatweta kwa muda mrefu.
- Sauti: 0 hakuna, 1 anapiga kite mara moja moja au ananung'unika chini chini, 2 anaita kwa fadhaa tena na tena, anaugulia kwa sauti au analia.
- Uso: 0 umetulia au anatabasamu, 1 una huzuni, hofu, au amekunja kipaji, 2 umekunjamana wote kwa uchungu.
- Mwili: 0 umelegea, 1 umekaza, au anahangaika, anazungukazunguka, 2 mgumu kabisa, amekunja ngumi, amevuta magoti kifuani, anasukuma au anapiga.
- Kubembelezwa: 0 hahitaji, 1 anatulia kwa sauti au kwa kuguswa, 2 habembelezeki.

Jumla ni kati ya 0 na 10. Pima mara mbili, akiwa ametulia na akiwa anajongezwa, na uandike mlikuwa mnafanya nini. Tuseme bibi akiwa amelala ana alama 1. Akigeuzwa upande wa kulia anapiga kite mara moja moja (1), uso unakunjamana (2), anamsukuma binti (2), akishikwa mkono anatulia (1), pumzi ni ya kawaida (0): jumla 6. Akigeuzwa kushoto, alama 2. Sasa huna tena bibi mkorofi. Una bibi mwenye jambo kwenye nyonga au bega la kulia, na daktari ana pa kuanzia.

Alama 2 na kuendelea zinatosha kukufanya uchukue hatua. Lakini usizichukulie kama namba aliyoitaja mgonjwa mwenyewe: 6 ya PAINAD inaonyesha ishara ni nyingi kiasi gani, haipimi ukali anaousikia yeye. Hofu na njaa nazo huleta alama. Alama ndogo nayo inaweza kudanganya. Mwenye ugonjwa wa Parkinson uso wake haukunjamani, aliyepata kiharusi nusu ya uso haisemi kitu, na aliyepewa dawa ya usingizi atapata 0 nzuri kabisa huku anaumia. Hospitalini unaweza kukuta wanatumia kipimo cha Abbey, cha Australia, chenye alama mpaka 18. Si vibaya, ila usilinganishe alama za kimoja na za kingine. Chagua kimoja, na ikiwezekana apime mtu yule yule.

Hatua ya sita: jaribu kutuliza, upime tena

Kama kuna ishara na chanzo hakionekani, mweleze muuguzi au daktari na muombe jaribio la dawa ya maumivu. Huko Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 352 wenye demensia na fadhaa katika nyumba 18 za kulelea wazee. Waliotibiwa maumivu kwa ngazi, wengi wao wakianza na parasetamoli tu, fadhaa ilipungua ndani ya wiki 8. Nawakumbusha hili hasa wanaokuja kuomba "dawa ya kumtuliza". Dawa ya usingizi humnyamazisha mgonjwa, maumivu yakabaki pale pale.

Parasetamoli ndiyo huanza kwa wengi. Mtu mzima mwenye afya kikomo chake ni gramu 4 kwa saa 24, lakini mzee dhaifu, mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye tatizo la ini hupangiwa pungufu, kwa hiyo kiasi kipangwe na mtaalamu. Vidonge 2 vya miligramu 500 ni gramu 1. Soma maboksi ya dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta anamzidishia mzee bila kujua. Mpe kwa saa zilizopangwa. Usingoje aombe, kwa kuwa kuomba ndiko kulikomshinda.

Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa dukani kama pipi sizitaki kwa mzee bila idhini ya daktari. Huchoma tumbo mpaka kuvuja damu, hupandisha presha, huumiza figo na moyo. Tramadoli humchanganya akili, humfunga choo na inaweza kumwangusha. Dawa za mitishamba za viungo zinazomaliza maumivu yote kwa siku moja zitilie shaka. Ya namna hiyo huenda imechanganywa na dawa za hospitali zisizotajwa.

Kuchua kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, kitambaa cha maji ya moto kiasi, kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto kati ya magoti: hizi nazo ni tiba, nazo zipimwe kwa alama. Usichue mguu uliovimba upande mmoja, wala palipoumia kwa kuanguka.

Rudia PAINAD saa moja baada ya kumeza, katika tendo lile lile. Alama zikishuka, yalikuwa maumivu. Endelea kutafuta chanzo. Zisiposhuka kwa siku kadhaa, usiandike kwamba haumwi. Huenda dawa ni ndogo au si ya aina yake, hasa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu.

Hatua ya saba: mpeleke, ukiwa na karatasi

Usingoje daftari lijae kama ameanguka na hawezi kukanyaga, au mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje. Kama amechanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache. Kama hajakojoa na tumbo la chini limejaa. Kama ana homa, kifua kinambana na jasho linamtoka, kiungo kimoja kimevimba na kina moto, au choo ni cheusi kama lami baada ya kutumia dawa za maumivu. Huyo apelekwe hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo. Mengine yanaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu, Makorora, Ngamiani au Pongwe. Chukua bajaji, bodaboda kwa mwenye nyonga mbovu ni mateso juu ya mateso. Beba kitambulisho chake na uulize dirisha la wazee.

Daktari ana dakika chache, na bibi akifika mbele ya koti jeupe atasema "sijambo". Kwa hiyo mpe karatasi yenye maneno machache: "Miaka 78, ugonjwa wa kusahau miaka 4. Tangu Jumatatu anapiga kelele akigeuzwa kulia. PAINAD akitulia 1, akigeuzwa kulia 6. Hajapata choo siku 4. Parasetamoli gramu 1 saa mbili asubuhi, alama zikashuka hadi 3. Dawa nyingine: za presha, hizi hapa." Usiseme mbele yake "huyu hajui kitu". Mtambulishe kwa daktari kwa jina lake la heshima, uache aulizwe yeye kwanza, nawe ujazie.

Mkirudi na dawa mpya, fungua ukurasa mpya: tarehe, jina la dawa, saa, alama kabla, alama baada. Kama mnamlea kwa zamu, anayetoka amsomee anayeingia ukurasa wa mwisho kabla ya kuaga, na ndugu aliyeko Dar es Salaam atumiwe picha yake kwa simu.